Uyoga wa Njano na Wafuasi Laki Nne

Björkaryd, Sweden, 2 Agosti 2022

Mjukuu wangu Tuva,

Natumaini barua hii itakukuta huko Denmark ukiwa na meno yako yote. Mimi ni mzima isipokuwa goti la kushoto, ambalo limeamua kufa peke yake kabla yangu. Mama yako alipiga simu Jumapili, akaniambia nisiingie msituni kwa sababu ya kupe. Mjomba wako Stellan amepaka nyumba yake rangi, akakosea, sasa inaonekana kama kituo cha zimamoto. Paka anakusalimu kwa kadiri paka anavyoweza.

Sasa la maana. Ijumaa Ann-Britt wa posta alisimamisha gari langoni, na badala ya kunipa bili akanipa simu yake. "Egon, huyu si Tuva wako?" Nikavaa miwani. Nikakuona kwenye mpira wa mikono, umesimama golini, mpira unakuja, na wewe badala ya mkono unaweka uso. Pua inatoka damu, na unacheka kama mtu aliyekuta duka la pombe liko wazi Jumapili.

Ann-Britt anasema watu laki nne wanakufuata. Wanakufuata wapi? Manispaa yetu nzima ina watu elfu kumi na moja ukihesabu na waliolala makaburini. Mwanamume mmoja ameandika kwamba anataka kuoa pua yako. Enzi zangu kwenye ukumbi wa hapa, mtu akipigwa mpira usoni tulimpa kitambaa kilicholowa, halafu tulimtuma kibandani akasaidie kuuza kahawa na soseji mpaka akili imrudie. Wewe wamekuvisha taji. Nina swali moja tu, na unijibu kama kipa: umezuia mipira mingapi?

Mvua imenyesha vizuri na uyoga wa njano umeanza kutoka mahali petu. Njoo tarehe ishirini kama kila mwaka. Unajua tumebaki wawili tunaopajua pale. Bibi yako Solveig alipofariki nilikurithisha wewe. Sikumpa mama yako, huyo na kupe zake, wala Stellan, maana Stellan ukimwambia kitu asubuhi, jioni kiko kwa kinyozi. Hapa kwetu mtu atakuazima trekta, atakuazima hata meno yake ya bandia, lakini hatakuonyesha anapochuma uyoga. Siku utakapomwonyesha mtu pale, mimi na wewe basi.

Babu yako,
Egon


Denmark, 11 Agosti 2022

Shikamoo Babu,

Barua yako imefika na harufu ya paka. Mimi sijambo, pua imepona, imepinda kidogo tu upande wa kulia. Wachezaji wenzangu hawajambo. Chumba changu kina dirisha linalotazama maegesho ya baiskeli, ndiyo Denmark hiyo.

Kuhusu mipira niliyozuia, ligi haijaanza, tuko kwenye mazoezi, hakuna anayehesabu. Kocha wetu, Preben, anasema niko vizuri. Wafuasi sasa ni laki nne na elfu kumi na mbili, ila usimwambie Ann-Britt, atashika kichwa. Na usidharau, Babu. Klabu imepata wadhamini wawili kwa sababu ya pua hii. Mmoja anauza magodoro. Wasichana wadogo wananiandikia kwamba wameanza mpira wa mikono baada ya kuniona. Hilo nalo si dogo.

Nitakuja tarehe ishirini. Mdomo wangu umefungwa, unajua.

Tuva


Björkaryd, 9 Septemba 2022

Tuva,

Hapa wote wazima. Paka mzima. Goti lina maoni yake. Ann-Britt ameanza kuleta barua siku moja, anaruka siku ya pili, serikali imeamua hivyo, kwa hiyo hata habari mbaya siku hizi zinafika zimepoa.

Jumamosi nilichukua kikapu nikaenda mahali petu, nikijua ule tuliouacha uendelee kukua umeshafika saizi yake. Kwenye barabara ya msituni nikakuta magari kumi na mawili. Nikadhani kuna mtu amekufa. Mawili yana namba za Denmark, moja la Ujerumani. Nikaingia. Msitu umejaa watu wameinama kama waliodondosha pete ya ndoa. Msichana mmoja, viatu vyeupe, akanijia.

"Samahani mzee, hapa ndipo kwa Tuva?"

"Tuva gani?"

"Tuva wa pua."

"Simjui."

"Wewe si babu yake? Kwenye video kuna mkono wa mzee umevaa saa kama hiyo."

"Hizi zilitolewa nyingi," nikamwambia. "Kila aliyestaafu reli anayo."

Nikaondoka zangu.

Nilimwomba Ann-Britt anionyeshe hiyo video. Sekunde kumi na tisa. Umepiga magoti, unapuliza uchafu kwenye uyoga, nywele zimekaa vizuri sana, na nyuma yako kinaonekana kichanja cha wawindaji, pale juu wanapovizia wanyama, namba kumi na saba, imeandikwa kwa rangi nyeupe, tarakimu ndefu kama mkono wangu. Ramani ya vichanja vyote wawindaji wameiweka hadharani kwenye mtandao ili watu wasipigwe risasi. Mjerumani anaisoma bila mkalimani. Nawe siku ile uliniambia unampigia mama yako picha.

Wamechuma mpaka ule mchanga, mdogo kama kucha ya mtoto. Wamekanyaga uliobaki. Kuna aliyeacha ganda la ndizi juu ya kisiki, labda aliona ndizi nayo inaota hapo.

Sijakasirika. Nauliza tu. Ligi imeanza. Umezuia mipira mingapi?

Egon


Denmark, 3 Oktoba 2022

Shikamoo Babu,

Samahani kwa kuchelewa, safari zimekuwa nyingi na basi la timu halina meza ya kuandikia. Mama alisema goti lako limevimba. Umekwenda kwa daktari? Huku kunanyesha tangu Jumanne.

Nasikitika kuhusu msitu. Ile video aliichagua mtu wa habari wa klabu, mimi nilimpa vipande vyangu vyote akachagua mwenyewe. Hawa watu hawajui mambo ya uyoga.

Mechi zinaendelea vizuri. Tumeshinda tatu. Nimekutumia kifurushi kidogo, natumaini kitafika kikiwa kibichi.

Tuva


Björkaryd, 17 Oktoba 2022

Tuva,

Kifurushi kimefika. Nilikifungua mezani, paka akiwa shahidi. Uyoga mweupe wa dukani, umelala kwenye sanduku la plastiki, umefungwa kama maiti, na kibandiko cha bei umesahau kukitoa. Nimeupika. Una ladha ya maji yaliyopita karibu na viazi. Paka aliunusa akaomba kutoka nje.

Goti lipo, asante.

"Tumeshinda tatu," unaandika. Ni kweli, na anayekata tiketi mlangoni naye ameshinda tatu. Kila Alhamisi nakwenda maktaba, yule dada wa pale ananichapishia karatasi za mechi zenu. Mimi niliishia darasa la saba lakini kusoma safu ya namba najua, miaka thelathini na nane ya ratiba za treni si mchezo. Mechi sita. Kipa anaitwa Ditte, amezuia mipira sitini na nane. Chini yake jina lako, na mbele ya jina kistari. Mechi ya pili, kistari. Ya tatu, kistari. Nilimwuliza dada wa maktaba kistari maana yake nini kwa Kidenmark. Akaniambia, "Ni kistari, Egon."

Sasa nikupe habari za wafuasi wako. Jumatatu iliyopita ilikuwa siku ya kwanza ya kuwinda elki, hao paa wakubwa kama farasi. Wawindaji walipanda vichanjani alfajiri, na kabla jua halijasimama wakashuka, kwa sababu chini ya namba kumi na saba kulikuwa na wanaume wawili wanatambaa na kikapu. Uwindaji ukafutwa kutwa nzima. Unajua kila mwaka huniletea kilo nne za nyama, kwa heshima ya bibi yako aliyekuwa akiwapikia supu. Mwaka huu mkuu wao alipita langoni kwangu akitazama upande wa pili, na upande wa pili hakuna kitu, ni shamba la viazi lililokwisha kuvunwa.

Jambo jingine nalisema kwa uchungu. Septemba yote, kila Jumamosi na Jumapili, Stellan alisimama pale njia panda na koti lake la kazi la manjano, anaelekeza magari yaende upande wa kinamasi. Watu wakamtii, si wanaona koti. Mjerumani mmoja alivutwa na trekta. Nikamwuliza Stellan, "Nani kakwambia ninapochumia?"

"Baba, pale napajua tangu nina miaka tisa. Nilikufuata nyuma."

"Na ulimwambia nani?"

"Kwani kuna aliyeniuliza?"

Miaka arobaini na moja, Tuva. Kinyozi hajui mpaka leo. Sasa nimebaki sina wa kumsengenya.

Nijibu kuhusu kistari na kuhusu namba kumi na saba. Kama ni kuniletea tena hadithi ya mtu wa habari, hifadhi stempu yako.

Egon


Denmark, 27 Novemba 2022

Shikamoo Babu,

Wiki sita nimehifadhi stempu. Sasa naitumia.

Tarehe kumi na nane Agosti, siku mbili kabla sijaja kwako, Preben aliniita ofisini. Alikuwa anakula tufaha. "Tuva," akasema, "Ditte ndiye atakayeanza msimu huu. Wewe watu wanakupenda mno, tutakutumia kwa mengine." Nikamwuliza mengine yapi. Akanipa karatasi. Mkataba wangu mpya unataka video tatu kila wiki. Mipira haikutajwa hata mara moja. Nikatia sahihi kwa sababu niliogopa kwamba nisipotia nitarudi nyumbani na wewe utanicheka.

Nilivyokuja kwako nilikuwa nayo hiyo tumboni, sikusema. Na namba kumi na saba niliiona, Babu. Nilisogea nikajaribu kujipiga picha kwa upande mwingine, nikaonekana nina videvu viwili. Nikarudi palepale. Nilijua ni nini nafanya kwa muda wa kama sekunde tatu, halafu nikajilazimisha kutojua. Ilipata mioyo laki mbili na elfu themanini. Kwenye basi la timu, Ditte amelala na barafu begani kwa kazi aliyofanya, mimi nilikuwa naihesabu mioyo ile kama mipira niliyozuia.

Mtu wa habari hakuchagua kitu. Ni mimi. Nisamehe, na kama husamehi nitaelewa, ulishaniambia mapema.

Lakini na wewe, Babu.

Picha nimeiona. Yule wa viatu vyeupe aliiweka mtandaoni siku ileile. Umekaa kwenye kisiki, kofia umevua, nywele umezilaza kwa mate, umeshika uyoga kama waziri mkuu anayezindua daraja. Chini yake ameandika: "Babu yake ni mtu mzuri sana, alinionyesha sehemu ambayo wengine hawakuiona." Ninayo tangu Septemba. Sikusema kwa kuwa sikuwa na uso wa kumwambia mtu kitu. "Nikaondoka zangu," uliandika. Ulichukua muda kuondoka.

Tuva


Björkaryd, 8 Desemba 2022

Mjukuu wangu,

Nimesoma barua yako mara tatu, ya tatu nikitafuta makosa ya kuandika ili nipate pa kuanzia. Sikupata. Shule zimeboreka.

Hapa theluji ni ya magotini, na goti langu moja linaihisi mara mbili. Stellan amenilimia njia mpaka sanduku la barua bila kuambiwa. Mama yako atakuja sikukuu, kupe wamelala, ana amani.

Haya. Ni kweli. Nilipomjibu kuhusu saa, yule msichana alinitazama, akasema, "Mzee, una uso wa sinema." Tuva, bibi yako alinitazama miaka arobaini na saba na sifa aliyonipa ni kwamba nina uso wa mtu aliyeachwa na treni. Nikasikia mgongo umenyooka wenyewe. Nikamwambia ndiyo, mimi ndiye babu yake. Kisha, bila kuombwa, nikampeleka nyuma ya lile jiwe kubwa, kwenye uyoga wa Solveig, ambao hata wewe ulisubiri miaka mitatu kabla sijakuonyesha. Alichuma wote mbele yangu. Mimi ndiye niliyemshikia mfuko.

Jumatatu nikamwuliza Ann-Britt, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, hiyo picha imependwa na wangapi. Elfu sita. Jumatano nikamngoja langoni bila koti. Elfu saba na mia mbili. Ijumaa nilikuwa nje kabla gari lake halijasikika, mzee wa miaka themanini na moja, nikisubiri kuambiwa na watu wa mbali kwamba anapendeza. Siku hiyo hesabu haikupanda tena, nikachukia ulimwengu mzima, na ndipo nikakuandikia ile barua ya matusi ya Septemba. Kwa hiyo sina pa kusimama nikutukane. Nitakutukana nikiwa nimekaa.

Wewe ni mjinga, ila umejifunza kwa mjinga mwenzio. Preben ni mjinga zaidi, kwani ana kipa na anamtumia kuuza magodoro. Mwambie kwamba hata pakiti ya kahawa ina picha ya mwanamke anayetabasamu, na haijawahi kuzuia mpira hata mmoja. Kwenye timu ninyi makipa ndio mnaovaa suruali ndefu, wengine kaptula. Kipa asiyesimama golini ni nani basi? Ni mtu aliyevaa suruali ndefu.

Nilisema ukimwonyesha mtu pale, mimi na wewe basi. Nikilifuata neno hilo itabidi na mimi nihame nyumba nijikimbie. Kwa hiyo naliweka pembeni kwanza. Sijakusamehe. Niko kwenye foleni, nasubiri nijisamehe mwenyewe kwanza, halafu wewe.

Uzuie mpira mmoja, hata wa mazoezi, uniambie.

Babu


Sweden, 6 Mei 2023

Shikamoo Babu,

Nisamehe kwa ukimya, nilitaka kwanza niwe na kitu cha kuandika. Mama amekusimulia nimehama, najua, lakini hakukusimulia vizuri.

Januari nilimwendea Preben nikamwambia maneno yako ya pakiti ya kahawa. Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akaniuliza kama ningeweza kuyarudia mbele ya kamera. Nikavua fulana ya klabu nikaiacha mezani kwake, pembeni ya tufaha lake. Waliniachia bila ugomvi, wadhamini wa magodoro walikuwa wameshapata mtu mwingine, mwogeleaji.

Sasa niko daraja la pili, huku nyumbani, saa mbili kutoka kwako kwa treni. Ukumbi unavuja upande wa wageni. Wachezaji wenyewe tunazunguka na tiketi za bahati nasibu wakati wa mapumziko, zawadi ni kikapu cha matunda. Mtandaoni sijaweka kitu tangu Januari. Wafuasi laki moja wameondoka, na wanapoondoka wengine huandika kwa nini, kama wapangaji. Siku za mwanzo ilikuwa kama kuacha sigara, mkono unakwenda mfukoni wenyewe.

Jumapili nilidaka na kuzuia kumi na nne. Watazamaji walikuwa mia moja na sita, pamoja na mbwa. Mpira mmoja ulinipiga usoni tena. Hakuna aliyepiga picha. Mama mmoja wa kibandani alinipa kitambaa kilicholowa.

Babu, Agosti nije? Sitaki unionyeshe kitu. Nataka kujua tu kama nije.

Tuva


Björkaryd, 13 Mei 2023

Mjukuu wangu Tuva,

Kumi na nne, unaandika, kwa mwandiko wa kujivuna. Kati ya mingapi, hukuandika. Nimekwenda maktaba. Kati ya arobaini na mitano. Yaani thelathini na mmoja ilipita ikikusalimia. Bibi yako angezuia zaidi kwa aproni. Hata hivyo nilimwambia dada wa maktaba achapishe karatasi hiyo mara mbili, moja nimempa Ann-Britt, akanitazama akasema, "Egon, hii haina picha." Nikamwambia ndiyo uzuri wake.

Wawindaji wamenisalimu, mmoja mmoja, wakiwa peke yao. Wakiwa kundi bado wananitazama kama ganda la ndizi.

Uje. Pale petu pamekwisha, nilikwenda kutazama theluji ilipoyeyuka, ardhi imekanyagwa ikawa ngumu kama barabara, sitakuwepo itakapolainika. Lakini nimekuja kugundua Stellan ana mahali pake, anachuma hapo tangu kijana, na mimi miaka yote nilikula uyoga wake kwenye Krismasi nikidhani amenunua. Wiki iliyopita nilimwita, nikamtengenezea kahawa, nikamuuliza kwa adabu zote ni wapi.

"Baba," akasema, "mimi nakupenda. Lakini wewe na Tuva, hapana."

"Nitafumba macho kwenye gari."

"Utafumbua."

Ni kweli, ningefumbua.

Basi mipango ni hii. Tarehe kumi na tisa Agosti Stellan ataingia msituni saa kumi na mbili asubuhi, peke yake, simu yake ataiacha mezani kwangu. Mimi na wewe tutakaa jikoni na brashi, tukisubiri. Akirudi tutasafisha alichotuletea wala hatutauliza kimetoka wapi. Kazi ameshagawa: wewe utapewa wenye mchanga, mimi nitapewa wenye konokono.

Babu yako,
Egon